Dozi ya Fundi Nusu

Walimwita Nusu, na jina hilo hakulipata kwa ufupi, maana alikuwa mrefu hadi kupaka dari bila ngazi. Alilipata kwa ufundi wake. Mpe kopo moja la rangi, atakupakia vyumba viwili, na utatoka humo umeshika kidevu. Siri yenyewe wala haikuwa siri: alizimua rangi kwa maji, akaikoroga kwa fimbo mpaka bega likamuuma, akapaka mara mbili pale ambapo mwenzake angepaka mara tatu, kisha akamwonya mwenye nyumba asisugue ukuta. Rangi ya Nusu ilipendeza kuitazama. Taabu ilikuwa kuigusa, kwa sababu ukiegemea ukuta wake unaondoka nao mgongoni. Watu walicheka, na mwaka ukipita wakamwita tena.

Mke wake alikuwa msusi. Alikuwa na kiti chake kwenye saluni ya wanawake karibu na stendi, na mikono yake ilikuwa myepesi hivi kwamba wateja walisinzia wakati anawasuka, jambo ambalo wasusi wengine hawakulipenda. Mdomo wake nao haukujua likizo. Nusu alikutana naye siku alipokwenda kupaka saluni hiyo. Yule dada alimtazama akikoroga maji yake, akasema mbele ya wateja wote, "Fundi, huo ukuta unaupaka au unauogesha?" Saluni nzima ikaangua kicheko, na Nusu akarudi kesho yake bila kopo wala brashi. Wakaoana. Alimpenda mke wake, na hilo lisemwe sasa hivi, kabla hatujaanza kumkasirikia.

Walipanga vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta wa mbao. Chumba cha mbele kilikuwa chao, cha nyuma kilikuwa cha mama yake Nusu, mjane mwenye magoti mabovu na masikio mazima.

Mwaka wa pili wa ndoa Nusu alipata kazi mji mwingine, kupaka nyumba ya wageni yote, juu na chini. Pale mapokezi palikuwa na boksi la kondomu za bure, kila mtu ajichukulie. Nusu alijichotea kwa kiganja. Tafadhali msimpigie makofi. Alizitaka kwa ajili ya brashi zake ndogo: jioni akimaliza kazi alizivisha kondomu, akafunga kwa uzi, na asubuhi akazikuta mbichi, rangi haijakauka. Akawafundisha na wenzake. "Waliotengeneza kitu hiki walikuwa na akili, jamani," aliwaambia, na wakakubaliana naye.

Palikuwa na mwanamke aliyefua mashuka ya nyumba hiyo, mcheshi, mpweke, naye Nusu alikuwa mbali na kwake. Yaliyotokea yalitokea, tena si mara moja, na boksi liko pale pale mapokezi halijahama. Brashi zilivaa, mwenye brashi hakuvaa. Ungemuuliza kwa nini, angekujibu kwamba yule dada alikuwa msafi. Usafi! Kana kwamba ugonjwa unakaa kwenye kucha. Huenda na yule dada alimwona Nusu msafi vilevile, akamwamini, na mpaka leo hakuna ajuaye nani alimletea nani.

Aliporudi nyumbani hazikupita wiki nyingi akaona kidonda. Kilikuwa kimoja, kidogo, cha mviringo, mahali ambapo mtu mzima hawezi kumwonyesha jirani. Hakikuwasha wala hakikuuma, na huo ndio ujanja wake, kwa maana kingeuma angekimbilia hospitali akipiga mayowe. Nusu hakwenda hospitali. Alivuka mitaa mingi akaenda duka la dawa ambako hakuna aliyemjua, akamweleza muuzaji, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, huku akitazama chini.

"Una mke?" mama yule akamuuliza.

"Ninaye."

"Basi nendeni mkapimwe wote wawili. Vidonda vya huko viko vya kila aina, na mimi nauza dawa, siuzi vipimo."

"Nipe tu za kumeza, mama. Kazi inanisubiri."

Mama akaguna. Hakupaswa kumuuzia, lakini alimuuzia. Akamfungia kapsuli na kumwambia, "Hii ni dozi ya mtu mmoja. Meza mpaka ziishe, hata ukijiona mzima. Na mke usimwache hivi hivi, naye atibiwe." Katika maneno yote hayo Nusu alishika moja tu, la kutomwacha mke.

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Mwanamume mwingine angemeza zote peke yake akanyamaza, nao ungekuwa ubaya, ila ubaya wa kila siku tuliouzoea. Nusu hakutaka mke wake aumwe. Mchana mmoja mke akiwa saluni, alikaa kitandani akazitenga zile kapsuli mafungu mawili, hizi zangu, hizi zake, sawasawa. Kama kopo moja linatosha vyumba viwili, dozi moja itashindwaje na watu wawili? Za kwake akazimeza. Za mke alizifungua moja moja kila asubuhi, unga akautia kwenye chai, akazidisha sukari, akakoroga.

"Fundi, hii chai ina nini leo? Chungu."

"Majani mapya hayo."

"Yarudishe dukani kwa mwenyewe."

Lakini aliinywa mpaka mwisho. Mume ameamka mapema, amewasha jiko, amemchemshia mke wake chai, nani atamwaga? Tena alikwenda akasimulia saluni. "Wangu siku hizi ananiletea chai kitandani," alisema, na wenzake wakamwonea kijicho mpaka wakasusa kucheka.

Kidonda kikapona. Kingepona tu hata angekipaka rangi, kwa sababu kaswende ndivyo ilivyo: kidonda cha mwanzo hujifunga chenyewe, ugonjwa ukabaki unatembea kwenye damu kimyakimya. Nusu alijiona daktari. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, na huyu hata kovu la kumkumbusha hakuwa nalo.

Baadaye viganja vyake vikatoka madoadoa mekundu, na nyayo pia. Alilaumu rangi. Yake yalipokuwa yakififia, ya mke yakaanza, mahali pale pale, naye akalaumu dawa ya kulainishia nywele. Ndio uzito wa mambo: mtu anayefanya kazi ya karani, mikono yake ikitoka madoa, atashtuka na kuuliza. Hawa wawili kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari kazini kwake. Jioni moja walikaa kizingitini wakaoneshana viganja kama watoto waliochezea matope.

"Kazi zitatuua, Fundi," mke alisema.

"Zitatuua kweli."

Wakapakana mafuta, wakacheka. Madoa yakaondoka nayo, bila kuaga.

Kisha mke akashika mimba. Jamani furaha ile! Mtaa ukaacha majina yao yote ukawaita Mama Kijacho na Baba Kijacho, na bibi wa chumba cha nyuma akasahau magoti yake. Sasa, kliniki ya wajawazito pale ilikuwa na utaratibu wake: siku ya kwanza mama anaombwa aje na mume, wapimwe damu pamoja. Nusu aliposikia neno damu, moyo ulimruka. Si kwamba alijua ana nini. Hakutaka kujua, na kutotaka kujua ni kujua kwa namna yake.

"Wiki ijayo," alisema. Wiki ijayo ikafika, akasema ana ukuta haujakauka. Ikafika nyingine, mwenye nyumba anamhimiza. Mke angeweza kwenda peke yake, wala wasingemfukuza, lakini alitaka kukaa kwenye lile benchi na mume wake pembeni kama wenzake, watu wamwone. Akamsubiri. Miezi ikasogea, tumbo likakua mpaka akawa anasuka wateja amesimama kwa mbali, mikono imenyooka.

Mwezi wa nane mtoto aliacha kucheza. Siku iliyofuata uchungu ulimshika mchana, ghafla, akiwa nyumbani, na mtoto akatokea mikononi mwa jirani. Alikuwa mvulana, vidole vyote, kope zote, na hakulia. Walimwosha wakamzika siku hiyo hiyo. Hakuna aliyesema mzazi apelekwe akapimwe, kwa maana wote walidhani yaliyokwisha yamekwisha.

Bibi alilia kuliko wote, na katika kulia akatafuta sababu. "Ni zile dawa za nywele," alisema mbele ya wafiwa. "Mama anashinda anavuta harufu zile kutwa nzima. Mtoto atapumua nini humo ndani?"

Nusu alikuwa amekaa hapo hapo. Alikikumbuka kidonda? Alikikumbuka. Mke wake aliinua macho akamtazama, akitaka mume aseme hapana, mama, usiseme hivyo. Nusu aliinama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Mke hakurudi saluni tena. Vitana vyake aliwagawia wenzake, kiti akakaa mtu mwingine, naye akawa anashinda nyumbani mikono imelala mapajani. Yule mwanamke wa maneno akawa wa ndiyo na hapana. Hata majina yaliwapotea: Kijacho hakuna aliyethubutu kulitamka tena, na watu wakikutana nao waliishia kusema habari zenu, basi, wakapita. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliyaficha yeye, na kifo kikamuumbua mke.

Mwaka uliofuata akashika mimba nyingine. Safari hii hakumsubiri mtu. "Fundi, mimi leo nakwenda kliniki," alisema asubuhi akifunga kitambaa kichwani. "Ukija, njoo. Usipokuja, mimi nimekwenda." Nusu akasema ana dari ya watu. Mke akaenda.

Alirudi alasiri. Nusu alikuwa uani anaosha brashi, na alipomwona tu usoni akaziweka chini. Mke akamwambia, "Twende ndani." Wakaingia. Nusu akakaa kitandani, na kabla hajauliza neno mke akapiga magoti sakafuni.

"Nimekuangamiza, Fundi."

Wamempima, alisema. Ukimwi hana, lakini wamemkuta na kaswende. Nesi amemwambia asilie, inatibika, na mtoto anatibiwa humo humo tumboni kupitia kwa mama yake. Amechomwa sindano leo. Zinatakiwa tatu, moja kila wiki bila kuruka, kwa kuwa haijulikani amekaa nayo tangu lini, na mpaka wamalize wasikutane kimwili. Mume naye lazima aje apimwe na kutibiwa, maana vinginevyo, nesi alisema, ni kupiga deki huku mwenzako anapita na matope. "Nikamuuliza, na yule wa kwanza je? Akaniambia hawezi kuapa, lakini huenda ndiyo iliyomuua."

Nusu alifungua mdomo. Mke akamwahi.

"Kabla yako nilikuwa na mchumba. Yule seremala niliyewahi kukutajia, aliyeniahidi kisha akaoa kwingine. Ni yeye, Fundi, sina mwingine, naapa. Nimekuletea ugonjwa ndani ya nyumba yako. Nimemuua mtoto wako. Nisamehe."

Ukweli ulikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Ulihitaji neno moja tu kutoka. Na unajua alichosema, mtu mzima yule, ndevu zote zile?

"Basi, mama. Inuka. Nimekusamehe."

Alimsamehe! Mke akamshika mikono yote miwili, bado inatoka maji ya rangi, akailalia na kumshukuru. Nusu alibaki akitazama ukuta. Hakuwahi kujichukia kama saa ile, na bado hakusema.

Nyuma ya mbao, bibi alikuwa amesikia kila kitu. Asubuhi alitoka amejifunga nguo yake vizuri, sauti ya chini, na hiyo ndiyo sauti yake mbaya. "Sitaki kelele wala matusi," alisema. "Aliyeleta mzigo aurudishe kwao. Nimeshamtumia ujumbe kaka yake, Jumapili anakuja kumchukua." Kwao kulikuwa mbali, mwisho wa barabara na mbele yake tena, ambako zahanati ya karibu ilikuwa mwendo wa kutwa nzima, na ukifika huenda ukute mlango na kufuli. Sindano ya pili ilikuwa Jumatatu.

Nusu akajaribu alivyozoea, nusunusu. "Mama, tungengoja kidogo, hata wiki mbili."

"Angoje nini? Auzike wa pili hapa?"

Kibaya zaidi, mke mwenyewe hakubisha. Alikuwa anakunja nguo zake polepole, akizipanga kwenye begi. "Mama ana haki," alimwambia Nusu. "Niache niende."

"Na sindano?"

"Mungu akitaka kunipa mtoto, atanipa. Yule wa kwanza sikumstahili."

Jumamosi Nusu akaenda kliniki, peke yake, kwa mara ya kwanza. Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka, aliyezungumza huku anaandaa vitu vyake. Nusu alimuuliza kama sindano moja haiwezi kutosha. Haiwezi. Kama ni mbili je, au moja na vidonge fulani vya kusindikizia? Nesi akaacha alichokuwa anafanya akamtazama mikono, rangi imeganda hadi kwenye vifundo.

"Baba, wewe unataka punguzo au unataka mtoto?"

Basi Nusu akamwambia. Kidonda, duka la dawa, mafungu mawili, chai. Ilimtoka yote bila kupumua, na mtu wa kwanza kuijua siri yake akawa mtu asiyemjua hata jina. Nesi hakumgombeza. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo watu wa kliniki ile walikuwa hawajamwona akilifanya.

"Kidonda kile kingekuleta hapa wiki ile ile," alisema, "tungewachoma wote wawili, na leo ungekuwa na mtoto anayekimbia. Hizo za kumeza mlizogawana hazikumtibu yeyote. Mkeo anajua?"

"Hajui. Anadhani ni yeye."

"Mwambie."

"Nikimwambia ataniacha, dada."

"Huenda." Akasimama, akavaa glavu. "Mimi natibu kaswende, baba. Hayo mengine ni yako. Geuka."

Akampima, akamchoma, akamwambia naye arudi Jumamosi mbili zaidi. Akamwambia pia kwamba kutibiwa leo hakumkingi na kuipata kesho, kwa hiyo abaki na mmoja, au avae kondomu, ziko mlangoni pale, za bure. Nusu akatazama chini.

Alirudi kwa miguu akichechemea. Njia nzima alipima. Akinyamaza, mke ataondoka akiwa bado anampenda, labda siku moja atarudi, ila sindano zitabaki huku na mtoto atakwenda kufia kule. Akisema, mtoto anaweza kupona, lakini mke ameshampoteza. Safari hii hapakuwa na katikati. Alipatafuta njia nzima, hakupaona.

Jumapili mchana shemeji akafika. Alikuwa fundi baiskeli wa mjini hapo hapo, anaishi upande wa pili wa mji, mtu mpole asiyependa ugomvi, na alikuwa amepangiwa kumsindikiza dada yake hadi kwa wazazi. Wakakaa wanne chumba cha mbele. Begi lilikuwa mlangoni. Bibi akasema alichokuwa nacho, kwa ufupi, bila kutaja jina la ugonjwa, akamalizia, "Hatugombani, mwanangu. Ila kila mtu abebe chake."

Shemeji akainamisha kichwa kwa aibu. Mke alikuwa anatazama mikono yake.

"Shemeji," Nusu akasema. "Shemeji, mzigo si wake. Ni wangu."

"Nyamaza wewe," bibi akasema. "Usimfichie mkeo."

"Simfichii, mama. Ni kwenye ile kazi ya nyumba ya wageni. Kulikuwa na mwanamke. Nilitoka kidonda, nikanunua dawa ya mtu mmoja, nikaigawa. Nusu nikameza, nusu nikamtilia yeye bila kumwambia." Alikuwa anaongea haraka sasa, kwani alijua akisimama hataanza tena. "Kliniki sikwenda kwa sababu ya kuogopa kupimwa. Yule mtoto si dawa za nywele, mama. Ni mimi."

Bibi alijifunika uso kwa mtandio. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira. Mke aliinua kichwa.

"Ulinitilia kwenye nini?"

"Kwenye chai."

"Ile chai?"

"Ile."

Akakaa kidogo, kama mtu anayerudi kuokota kitu nyuma, akikagua asubuhi zile moja baada ya nyingine. Kisha akasimama.

"Nilikupigia magoti," alisema. "Hapa. Nikakwambia nimemuua mtoto wako. Nikakutajia hata seremala wa watu, hana habari maskini. Na wewe umekaa pale, unajua." Sauti ilimpanda. "Ukanisamehe, Fundi. Ulinisamehe!"

Shemeji akanyanyua begi. Nusu akamfuata hadi nje akimwita, "Shemeji, kesho ni sindano, tafadhali, ya pili ni kesho," na yule mpole akajibu bila kugeuka, "Nimesikia. Haendi mbali. Atakaa kwangu."

Akakaa kwa kaka yake, kwenye chumba kimoja, yeye kitandani na kaka chini. Jumatatu alikwenda kliniki, na Jumatatu nyingine, hakuruka hata moja. Sindano za Nusu zilikuwa Jumamosi, lakini alikwenda na siku hizo, akitumaini. Walikaa benchi moja, lile ambalo mke alilitamani, Nusu mwisho huu na mke mwisho ule, katikati wajawazito wengine na waume zao. Nesi alimwita mke peke yake, kana kwamba hawajuani. Siku ya mwisho Nusu aliona mafuta ya nywele kwenye vidole vya mke wake, na uzi mweusi umemnasa kwenye mkono wa nguo.

"Umerudi kusuka," alimwambia, kwa furaha ya kweli.

"Nimerudi. Mikono yangu haikuua mtu."

Miezi ikaenda. Nusu alimwacha mama yake na ukimya wake chumba cha nyuma, akapaka kuta za watu, akarudi, akalala. Kila mwisho wa wiki alipeleka matunda kwa shemeji, na shemeji aliyapokea mlangoni.

Halafu asubuhi moja shemeji akaja kazini kwake, akasimama chini ya dari iliyokuwa inapakwa, akasema, "Njoo. Msichana. Mzima." Nusu alikwenda alivyo, rangi kichwani, na manesi wakamnawisha kwanza ndipo wakamruhusu kuingia. Walikuwa wameshampima mtoto na kumchunguza mwili mzima. Hana kitu, walisema, ataletwa aangaliwe tena, lakini hana kitu. Alikuwa analia kwa hasira kubwa, mdomo wazi, na wodi nzima inamsikia.

Mke alikuwa ameketi kitandani, amechoka, uso umemtulia. Akamnyooshea mtoto. "Mshike. Ni wako, sitamnyima baba."

Nusu akampokea. Hakuwahi kumshika yule wa kwanza, aliogopa, na sasa huyu alikuwa na uzito na joto na teke. Machozi yakamshuka mbele za watu, asijali. Alipoweza kusema akasema, "Mama, twende nyumbani. Nitafanya lolote. Mama yangu naye anakuomba radhi, amenituma. Twende."

Mke alimtazama bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomtisha.

"Wewe ulinisamehe siku ile ile," alisema, "na mimi sikuwa na kosa. Mimi ninalo la kukusamehe, Fundi, nimejaribu miezi yote hii, na siliwezi." Akanyoosha mikono. "Nipe mtoto. Anataka kunyonya."